Kinasa vumbi cha bati: Kinga ya seremala iliyo mikononi mwa fundi jirani

KILA anayepeleka mahindi kusagwa kwenye kinu cha posho ameuona mtambo huu, ingawa ni wachache wanaoujua jina. Ni ile faneli kubwa ya bati iliyosimamishwa juu ya mashine, pana upande wa juu na nyembamba upande wa chini, ambayo unga hushuka kupitia kinywa chake na kutua guniani huku hewa ikitokea juu. Jina lake ni saikloni. Kazi yake ni moja tu: kutenganisha hewa na kile kilichobebwa na hewa.

Mwenye kinu hakuuweka mtambo huo kwa kujali mapafu ya mtu. Aliuweka kwa sababu unga ni mali, na ukipeperuka mteja atadai haki yake. Hatua chache kutoka hapo, katika karakana ya useremala, msumeno wa mviringo na mashine ya kupiga randa hutoa unga wa namna nyingine kutwa kucha. Unga huo hauna mteja wa kuudai, kwa hivyo huachwa upeperuke. Huwatua mafundi kwenye nyusi na kwenye mikunjo ya nguo, na sehemu yake nyingine, ile isiyoonekana, hushuka kifuani.

Hili ni jambo la kushangaza hasa mtu akizingatia kwamba ujuzi wa kuunda saikloni haujawahi kuwa adimu nchini Kenya. Mafundi wa bati wa Kamukunji jijini Nairobi, wanaounda masanduku ya wanafunzi wa shule za bweni, makarai, majiko na mikokoteni, hukunja silinda na koni kila siku. Gikomba, kitovu cha biashara ya mbao, iko umbali wa kutembea kwa miguu kutoka hapo. Kinachokosekana ni mazungumzo tu kati ya anayekunja bati na anayepasua mbao.

Vumbi lenyewe

Wengi hudhani kwamba vumbi baya ni lile linaloonekana likirundikana sakafuni. Hakika ni kinyume chake. Maranda na chembe nene huanguka upesi, na zikiingia puani hunaswa na vinyweleo au hupigiwa chafya zikatoka. Hatari zaidi hutokana na chembe ambazo ukubwa wake ni chini ya maikroni 10, yaani chini ya sehemu moja ya mia ya milimita. Unywele wa mtu ni mnene kuzishinda mara kadhaa. Chembe ya maikroni 5 yaweza kuchukua takriban nusu saa kushuka kutoka kimo cha pua hadi sakafuni, hata kama hewa imetulia tuli. Katika karakana ambamo watu wanapita na mashine zinavuma, hewa haitulii, na chembe hiyo hubakia ikielea hadi mtu aivute.

Mbao zenyewe hazilingani kwa madhara. Vumbi la mvule linajulikana kwa kuwasha ngozi na kuchochea pumu. Mpingo nao, unaopendwa na wachongaji wa vinyago, huwasha vivyo hivyo. Mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, maarufu kama MDF, zikikatwa hutoa vumbi jembamba mno lililochanganyika na gundi yenye fomaldehaidi. Kwa kuwa samani nyingi za bei nafuu siku hizi huundwa kwa MDF, fundi kijana wa leo huenda anavuta vumbi jembamba zaidi kuliko alilovuta mwalimu wake aliyezoea kupiga randa kwa mkono.

Habari za saratani ndizo nzito kuliko zote. Katika miaka ya 1960, madaktari wa Uingereza waligundua kwamba wafanyakazi wa viwanda vya samani katika eneo la High Wycombe, mji uliosifika kwa utengenezaji wa viti, walikuwa wakiugua aina fulani ya saratani ya pua kwa kiwango kisichokuwa cha kawaida. Aina hiyo ni nadra mno miongoni mwa watu wasiofanya kazi ya mbao. Matokeo ya uchunguzi wa Acheson, Hadfield na Macbeth yalichapishwa katika jarida la madaktari la British Medical Journal mwaka wa 1968. Mnamo 1995, asasi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ililiorodhesha vumbi la mbao katika kundi la kwanza, yaani miongoni mwa vitu ambavyo imethibitishwa bila shaka kwamba huwasababishia binadamu saratani.

Ugonjwa huo huchukua miongo kadhaa kujitokeza. Fundi aliyeanza kazi akiwa na miaka 20 huenda akaugua akiwa na 55, wakati ambapo karakana aliyofunzwa kazi ilikwisha bomolewa na tajiri wake wa kwanza hajulikani aliko. Ndiyo maana ni vigumu kwa fundi wa kibarua kudai fidia, hata ingawa Kenya ina sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini iliyopitishwa mwaka wa 2007. Sheria nyingine ya mwaka uo huo, ile ya Usalama na Afya Kazini, inamtaka mwenye karakana kuwakinga wafanyakazi wake dhidi ya vumbi linalodhuru. Lakini sheria hutekelezwa mahali palipoandikishwa, na mabanda mengi ya jua kali hayamo katika daftari lolote.

Kitambaa kinachofungwa usoni hakisaidii pakubwa. Huzuia maranda na kuruhusu kile chembechembe chembamba kipite. Barakoa maalum ya kuzuia chembe hizo ni bora, ila nani ataivaa kutwa nzima katika joto la banda la mabati? Kinga ya kweli ni kulinasa vumbi pale linapozaliwa, kabla halijasambaa.

Jinsi saikloni inavyofanya kazi

Kanuni yake ni nyepesi. Hewa yenye vumbi huingizwa kwa kasi kwenye silinda kupitia mlango ulio ubavuni, si kwa kuelekea katikati bali kwa kuambaa ukuta. Kwa hivyo hewa hulazimika kuzunguka, mithili ya kisulisuli kinachoonekana kwenye nyanda kavu wakati wa kiangazi. Chembe za mbao ni nzito kuliko hewa, basi husukumwa ukutani jinsi abiria wa matatu wanavyosukumwa upande mmoja gari likipiga kona kwa kasi. Zikisha kugusa ukuta hupoteza mwendo, huteremka kwenye koni na kuangukia pipani. Hewa iliyobaki hujikunja katikati, ikapanda juu na kutoka kupitia bomba lililochomekwa kwenye kifuniko.

Hakuna kichujio wala sehemu inayosogea ndani yake, na hilo ndilo lililoifanya saikloni idumu viwandani tangu miaka ya 1880. Mvumbuzi Mwingereza, James Dyson, aliuona mtambo wa aina hii kwenye kiwanda cha mbao kabla ya kuunda kifyonza vumbi chake cha nyumbani kisicho na mfuko. Sampuli yake ya kwanza ilikuwa ya kadibodi, na kwa hesabu yake mwenyewe aliunda sampuli 5,127 kabla ya kuridhika. Fundi wa Kamukunji hana haja ya kupitia safari hiyo, kwa maana vipimo vya saikloni ya kawaida vimejulikana kwa miaka mingi.

Hata hivyo, kuna tofauti moja kati ya saikloni ya posho na ile ya mbao ambayo haifai kupuuzwa. Katika kinu cha posho, feni hutangulia na kuusukuma unga kuelekea saikloni. Katika karakana, feni inapasa kuwekwa nyuma ya saikloni ili ifyonze badala ya kusukuma. Sababu yake ni kwamba pamoja na vumbi huja vipande vya mbao, fundo na hata misumari. Msumari ukigonga mapanga ya feni hutoa cheche, na cheche katikati ya wingu la unga wa mbao ni balaa.

Vipimo

Vipimo vyote vya saikloni hutokana na kipenyo cha silinda. Kikichukuliwa kipenyo cha sentimita 40, ambacho kinatosha karakana ndogo yenye mashine moja kubwa inayofanya kazi kwa wakati mmoja, basi silinda huwa na urefu wa sentimita 80 na koni nayo sentimita 80. Mlango wa hewa huwa na kimo cha sentimita 20 na upana wa sentimita 10. Bomba la kutolea hewa safi huwa na kipenyo cha sentimita 20, na linashuka ndani ya silinda sentimita 25 kutoka kwenye kifuniko, kwa maana nyingine sentimita 5 chini ya ukingo wa chini wa mlango. Likiwa fupi kuliko hivyo, hewa chafu itakata njia na kutoka moja kwa moja bila ya kuzunguka.

Kitabuni, kinywa cha chini cha koni hupaswa kuwa robo ya kipenyo cha silinda, yaani sentimita 10. Lakini vitabu hivyo viliandikwa kwa ajili ya vumbi, na mashine ya kupiga randa hutoa maranda marefu yanayojisokota na kuziba. Kwa seremala, sentimita 15 ni afadhali.

Bati linalofaa ni lile bapa lililopakwa zinki, lenye unene wa takriban milimita 0.6, ambalo wauzaji huliita geji 24. Mabati ya kuezekea ya geji 30 au 32 ni membamba mno. Feni ikifyonza na bomba likazibwa kwa ghafla, hujikunja kama kopo la soda lililokanyagwa. Mabati mawili ya futi nane kwa nne yanatosha na kubakisha vipande vya kuundia mlango, bomba la ndani na vifuniko vya mashine.

Silinda haina ugumu. Mzingo wa kipenyo cha sentimita 40 ni takriban sentimita 126. Zikiongezwa sentimita 3 za mkunjo wa kiungio, kipande kinachokatwa huwa na urefu wa sentimita 129 na upana wa 80. Kwa kuwa upana wa bati ni sentimita 122 tu, kipande hicho hulazwa kwa kufuata urefu wa bati.

Koni ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu koni ikikunjuliwa haiwi pembetatu, bali kipande cha duara kama mkeka uliokatwa kwa upinde. Fundi hupigilia msumari ubaoni, akafunga uzi, na kuchora pinde mbili kwa kuzungukia msumari huo mmoja: upinde wa nje wenye nusu kipenyo cha sentimita 129.5 na wa ndani wenye nusu kipenyo cha sentimita 48.5. Kisha hupiga mistari miwili kutoka msumarini, yenye pembe ya digrii 55 na nusu baina yake. Asiyekuwa na kipimapembe anaweza kuutandaza utepe wa kupimia juu ya upinde wa nje na kutia alama sentimita 126 zinapotimia, kwani upinde huo hauna budi kulingana na mzingo wa silinda. Ndipo huongezwa bati la mkunjo pembeni. Kipande hiki kina upana wa takriban sentimita 121 kabla ya mkunjo, na ndicho kinachofanya bati moja lisitoshe.

Viungio vikunjwe na kupondwa juu ya kipande cha reli kama ilivyo ada ya mafundi wa bati, mkunjo ukielekezwa nje ili ndani kubaki laini. Kila kishimo au ukingo unaojitokeza ndani huivuruga hewa na kulirusha vumbi lililokwisha naswa. Ribiti nazo zipigwe bapa kwa ndani. Baada ya hapo viungio vyote vitiwe lehemu au gundi ya silikoni.

Kuchomelea bati la zinki kwa umeme si jambo la kushauriwa. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaomletea mchomeleaji homa, baridi na maumivu ya viungo saa chache baadaye, ugonjwa ambao wengi hudhani ni malaria. Palipo lazima kuchomelea, zinki ikwanguliwe kwanza na kazi ifanyiwe mahali wazi.

Pipa

Watu huitazama saikloni wakasahau pipa lililo chini yake, na hapo ndipo mitambo mingi ya kienyeji huharibikia. Katikati ya koni kuna mkondo wa hewa unaopanda kwa nguvu. Iwapo pipa lina nafasi ya kuingiza hewa, hata iwe upenyo wa kupitisha wembe, hewa hiyo itaingia kutoka chini, ipande na mkondo huo, na kulibeba vumbi lote kulirudisha juu. Saikloni iliyoundwa kwa ustadi mkubwa na kuwekwa juu ya pipa linalovuja ni kazi bure.

Pipa la mafuta la lita 200 linafaa kabisa, almuradi lioshwe vyema na lisiwahi kukatwa kwa moto likiwa na mabaki ya mafuta. Ukuta wake unaweza kustahimili nguvu ya ufyonzaji, na nguvu hiyo si haba. Feni ya kinasa vumbi, bomba likiwa limezibwa, yaweza kuvuta kwa shinikizo la paskali 2,000. Likitandazwa juu ya kifuniko cha pipa chenye kipenyo cha sentimita 57, shinikizo hilo ni sawa na mtu wa kilo 50 kusimama juu yake. Ndoo ya plastiki au kopo la rangi litakunjamana siku ya kwanza. Kifuniko kitiwe ukanda wa mpira wa ndani ya gurudumu la gari, na kibanwe kwa komeo.

Pipa lisiachwe lijae hadi kinywani. Vumbi likifika kwenye koni, saikloni hukoma kutenganisha na kila kitu hupita moja kwa moja kuelekea feni.

Feni na umeme

Ili maranda yasilale ndani ya bomba, hewa inapasa kwenda kwa kasi ya takriban mita 20 kwa sekunde. Katika bomba lenye kipenyo cha sentimita 15, kasi hiyo ni sawa na mita za ujazo 1,270 kwa saa. Katika bomba la sentimita 10, ambalo mafundi wengi hulichagua kwa urahisi wa bei, ni mita za ujazo 565 tu. Kiasi hicho kitabeba maranda, naam, lakini hakitoshi kulivuta lile vumbi jembamba linaloizingira mashine kubwa. Kwa hivyo bomba kuu liwe la sentimita 15.

Kazi hii huhitaji mota ya nguvu-farasi 3 hivi. Hapa pana mtego kwa wale wanaofuata michoro kutoka Marekani. Umeme wa Marekani hupiga mizunguko 60 kwa sekunde ilhali wa Kenya hupiga 50. Mota ambayo kule huzunguka mara 3,450 kwa dakika, ndugu yake wa hapa huzunguka takriban mara 2,850. Feni ile ile, ikizungushwa kwa kasi hiyo ya chini, hupeleka asilimia 83 tu ya hewa, na nguvu yake ya kufyonza hushuka hadi asilimia 68. Fundi hulaumu saikloni yake kumbe kosa liko kwenye hesabu. Panapoelekezwa gurudumu la mapanga lenye kipenyo cha sentimita 30, hapa linatakiwa la sentimita 36 hivi, na kisha umeme unaovutwa na mota upimwe ili usizidi kiwango kilichoandikwa kwenye kibati chake.

Gurudumu hilo ndilo sehemu pekee ambayo haifai kuundwa kwa kubahatisha. Ncha za mapanga yake hukimbia kwa karibu kilomita 190 kwa saa. Liundwe kwa chuma cha unene usiopungua milimita 3, lichongwe kwenye mashine ya kukereza na kusawazishwa, la sivyo linunuliwe. Likipasuka, bati la geji 24 halitamkinga mtu.

Wapi hewa ielekezwe

Saikloni nzuri hunasa maranda yote na sehemu kubwa ya vumbi nene, lakini zile chembe za maikroni chache nyingi zake hupita. Nchi za baridi hulazimika kuirudisha hewa hiyo ndani ili zisipoteze joto, na hivyo huingia gharama kubwa ya vichujio. Kwa fundi wa Nairobi, Kisumu au Mombasa, baridi si hoja. Hewa yaweza kutolewa nje kabisa, juu ya paa.

Swali ni nje kwa nani. Katika soko ambalo mabanda yamegusana, nje ya seremala ni ndani ya muuza mitumba au mama anayepika chakula. Kuokoa mapafu yako kwa kuyaharibu ya jirani si ufundi. Mahali kama hapo hapana budi kufunga mifuko ya kuchuja. Kitambaa cha merikani hakifai, kwani nyuzi zake zimeachana mno. Kitambaa kizito cha namna ya blanketi iliyoshindiliwa, kinachouzwa kwa ajili ya vichujio vya viwandani, ndicho kinachonasa chembe ndogo. Nacho kiwe kingi. Kwa hewa ya kiasi kilichotajwa, mita mraba 6 au zaidi zinatakiwa, la sivyo kitaziba upesi na ufyonzaji utakufa.

Moto

Vumbi la mbao likirundikana huungua polepole, lakini likielea hewani kwa wingi huweza kulipuka. Mnamo Januari 2012 mlipuko wa vumbi uliteketeza kiwanda cha kupasua mbao mjini Burns Lake nchini Canada na kuwaua wafanyakazi wawili. Miezi mitatu baadaye kiwanda kingine katika mkoa uo huo, mjini Prince George, kililipuka na wawili wengine wakafa. Mwaka wa 2015 mlipuko katika kinu cha kusaga unga wa mbao kijijini Bosley, Uingereza, uliwaua watu wanne. Karakana ndogo haiwezi kulinganishwa na viwanda hivyo, lakini Wakenya hawahitaji kuelezwa jinsi moto unavyokimbia kwenye masoko yao. Moto wa Gikomba wa Juni 28, 2018 uliwaua watu 15.

Bati lina fadhila moja kubwa kuliko mabomba ya plastiki yanayotumika kwa maji. Vumbi linapopita kwa kasi huzalisha umeme tuli, na plastiki huuhifadhi umeme huo hadi uruke kwa cheche. Bati huupitisha, mradi tu vipande vyote viunganishwe kwa waya na waya huo uzikwe ardhini. Palipotumiwa mpira au silikoni kuunganisha mabomba, waya uvuke kiungio hicho.

Jambo jingine, na katika mazingira ya jua kali huenda ndilo la kwanza, ni kwamba mashine ya kunolea au kukatia chuma isiunganishwe kamwe na kinasa vumbi cha mbao. Maseremala na wahunzi mara nyingi hugawana banda na umeme. Cheche moja kutoka kwenye jiwe la kunolea ikifyonzwa hadi pipani inaweza kufukuta humo usiku kucha na kuwaka alfajiri wakati hakuna mtu. Kwa sababu iyo hiyo pipa limwagwe kila jioni, na taka zake zilale nje.

Kwenye mashine

Nguvu ya kufyonza hupungua kwa kasi mno mtu akijitenga na mdomo wa bomba. Kwa umbali unaolingana na kipenyo cha bomba, yaani sentimita 15 tu, mwendo wa hewa huwa umeshuka chini ya sehemu moja ya kumi. Kuuning'iniza mdomo wa bomba karibu na msumeno na kutumaini kwamba vumbi litaufuata ni kujidanganya. Bati lililobaki liundiwe vifuniko vinavyouzunguka msumeno chini ya meza, na kingine juu yake, vikiacha nafasi ya mbao kupita. Kila mashine iwe na mlango wa bati wa kuteleza ili ufyonzaji uelekezwe kwa ile inayofanya kazi pekee. Kona za bomba ziwe pana. Bomba la plastiki lenye mikunjo, ambalo hupendwa kwa kuwa linapinda kokote, litumike kwa kipande kifupi cha mwisho tu.

Mtambo ukikamilika, ukaguzi wake hauhitaji chombo cha bei. Udi uliowashwa ukipitishwa kando ya kila kiungio huku feni ikizunguka, pipa likiwa bado tupu na bila punje ya vumbi karakanani, moshi utavutwa palipo na upenyo. Baada ya siku nzima ya kazi, taka za pipani zipimwe kwa mizani, kisha lipimwe na vumbi lililo kwenye mifuko ya kuchuja. Mifuko ikiwa na zaidi ya kiasi kidogo tu, pipa linavuja au bomba la ndani ni fupi.

Kuhusu taka hizo, wafugaji wa kuku hununua maranda ya kutandaza bandani, na maranda yaliyotoka kwenye saikloni huwa hayana mchanga wala vizibo vya soda kama yale yaliyofagiwa sakafuni. Lakini mabaki ya MDF na ya nguzo zilizotiwa dawa ya mchwa hayafai kuku wala jiko. Hayo hukusanywa katika gunia lake pekee.